Jina Lililokosekana Kwenye Potifolio ya Kadra

Mkwe wake Kadra anaitwa Issack. Mimi nalitaja jina hilo bila wasiwasi kwa sababu mzee huyo hakunilipia mahari. Kadra alilipiwa ng'ombe, tena wazuri, na tangu siku alipoingizwa kwenye ua wa Issack, nje kidogo ya Garsen, jina hilo likawa haramu mdomoni mwake. Katika ukoo ule wa Waorma, mke hamtaji baba wa mumewe. Humwita Abba Sadia, yaani baba yake Sadia, kwa jina la binti wa kwanza wa mzee. Akilazimika kabisa, humgeukia mtu aliye karibu, na huyo ndiye humtajia. Mke anayelitamka mwenyewe huhesabiwa kwamba amemtukana mkwe hadharani, na tusi la namna hiyo haliondoki kwa kuomba radhi.

Kadra aliishika adabu hiyo hata pale ambapo hakuna aliyekuwa akimwangalia. Darasani kwao chuoni, alikokwenda kusoma baada ya kuolewa, kulikuwa na kijana mpole kutoka Chewele, naye kwa bahati mbaya aliitwa Issack vilevile. Kadra alimwita Chewele mwaka mzima. Wenzake walicheka mpaka wakachoka, na mwishowe darasa zima likamwita mtoto wa watu Chewele.

Usidhani alikuwa akimheshimu mzee. Tusidanganyane, Kadra alimchukia Issack kwa moyo wake wote, na Issack alimchukia yeye, na chuki yao waliiamkia kila siku kama watu wengine wanavyoamkia chai. Adabu ni kitu kimoja na moyo ni kitu kingine. Kadra alijua kwamba ule ua ungeweza kumvumilia na moyo wake mbaya, mradi mdomo wake uwe safi.

Alizaliwa Minjila, pale njia panda, ambapo mama yake aliuza maziwa kando ya barabara. Alisoma mpaka kidato cha nne na hakufanya vibaya. Kisha akaolewa na Abduba, mwana wa pili wa Issack, mtu mzuri kwa sura na mwepesi wa kukubali, ambaye miezi mingi ya mwaka yuko na ng'ombe huko delta akifuata majani. Wakapata binti, Hawo. Halafu ukaja ukame ule uliomaliza mifugo ya watu, na Kadra akaona jambo lililomkera kuliko ukame wenyewe. Ng'ombe waliosalimika na njaa walikuwa wanakufa kwa dawa. Watu walinunua chupa dukani, wakadunga kwa kukisia, nusu hapa, robo pale, na mnyama akaanguka, kisha wakasema ni kudra ya Mungu. Kadra alikasirika. Walipokuja watu wa chanjo wakihitaji mtu wa kuwatafsiria, aliwafuata boma hadi boma, na wiki hiyo akajifunza kushika sindano. Baadaye akaomba nafasi ya kusomea afya ya mifugo katika chuo cha ufundi pale Garsen, akaipata.

Siku aliyoomba ruhusa, Issack alimwita pamoja na Abduba.

"Mke wa mwanangu atavaa ovaroli," mzee alisema, akimtazama Abduba tu, kana kwamba Kadra hakuwepo. "Atashika makende ya dume mbele ya wavulana, halafu jioni aje anikorogee chai kwa mkono huo huo."

Abduba aliangalia chini. Kadra akajibu kwamba mikono huoshwa.

"Mwaka mmoja," Issack akasema. "Akianguka, kitabu kinaishia hapo. Atarudi kukama na kufunga mizigo tukihama. Sitaki kusikia habari ya kurudia mwaka. Na kama anataka kwenda moja kwa moja, aende. Mtoto ni wa ukoo huu."

Usiku huo Kadra alimuuliza mumewe kwa nini hakusema chochote. Abduba akamwambia, "Mzee akishasema, mimi nina nini cha kuongeza?" Kitu fulani juu ya mume wake kilimwisha Kadra siku hiyo, na hakikurudi.

Chuoni nako hakukuwa na mapokezi ya mkeka na marashi. Mwalimu wao, Kitsao, mtu wa upande wa Kilifi, alikuwa na mdomo mkali na shati lililopigwa pasi hata kwenye zizi. Juma la kwanza alisimama mbele ya darasa akiwa na faili jeusi mkononi.

"Hii inaitwa potifolio," alisema. "Hapa hatupimi maneno. Kila kazi utakayofanya kwa mkono wako, utaileta humu. Picha, maelezo yako, na taarifa ya shahidi. Shahidi ni mwenye mnyama. Jina lake, kitambulisho, simu, na kidole gumba kama hajui kuandika. Mwisho wa mwaka anakuja mtahini kutoka nje, anaifungua, anakuuliza. Potifolio ikianguka, umeanguka. Usije kwangu ukilia."

Kadra alifikiri kwamba kazi ngumu itakuwa kupata picha nzuri. Kumbe kazi ngumu ilikuwa kupata ng'ombe. Wanafunzi wa kiume waliingia boma lolote wakasema wametoka chuoni, wakapewa mnyama. Kadra akiingia, aliulizwa ni mke wa nani, na akishajulikana, wenye ng'ombe walimwambia aende akajifunzie kwa mkwe wake kwanza, akiua amuulie yeye. Hata kina mama waliomjua tangu utotoni walimcheka kwa ovaroli yake. Basi hakuwa na budi. Potifolio yote, ukurasa kwa ukurasa, ikawa ya ng'ombe wa Issack.

Na Issack alikubali. Mbona asikubali? Alikuwa anatibiwa mifugo yake bure na papo hapo anapata mtu wa kumtukana. Kadra akikata kwato, mzee alisimama nyuma yake akieleza jinsi mama zake Kadra walivyokuwa hawajui hata kukama. Kadra akifungua jipu, mzee alitema mate pembeni. Kadra alikuwa akifanya kazi, anaandika, na anahesabu mwaka unavyokwisha.

Kazi iliyomtoa jasho zaidi ni ile ya dume mwekundu mwenye paji jeupe. Dume huyu ndiye aliyekuwa fahari ya Issack, aliyebaki baada ya ukame. Akapata gandi, ule ugonjwa wa mbung'o unaomkausha ng'ombe akiwa bado anakula. Manyoya yalisimama, macho yakatoa machozi, magoti yakaanza kugongana. Kadra alimpima kifua kwa utepe ili akadirie uzito, akachanganya ile dawa ya unga wa manjano kwa maji safi, akapiga hesabu mara mbili. Issack alisimama na fimbo.

"Akifa huyu," alisema, "utanieleza."

"Akipona je?" Kadra aliuliza.

"Akipona ni Mungu."

Aliyeshika kamba siku hiyo ni Liban, mtoto wa ndugu yake Issack, ambaye alisoma darasa moja na Kadra pale chuoni. Liban alikuwa kijana wa maneno mengi na mikono mitupu. Mwaka mzima alikuwa mjini akizungusha pikipiki ya rafiki yake, na akija bomani anakuja kula. Simu ya Kadra ilikuwa imepasuka kioo, kwa hiyo alimpa Liban kazi ya kupiga picha kwa simu yake mpya. Liban alipiga, akamtumia, na nyingine akazihifadhi. Picha zenyewe zilionyesha shingo ya dume, glavu, sindano, na mkono wa ovaroli ya buluu ya chuo. Uso haukuonekana. Kikulacho ki nguoni mwako, na kile kilichomla Kadra kilikuwa kimevaa ovaroli ya rangi moja na yake.

Dume akapona. Issack hakutoa shukrani, lakini alipopelekewa karatasi ya ushahidi aliweka kidole gumba bila ubishi. Kitambulisho alikataa kukitoa, akasema si kitu cha kuchezewa na wanawake. Mahali pa jina, Kadra aliandika Abba Sadia, kama alivyoandika kwenye karatasi nyingine zote. Angeweza kumwomba mtu amwandikie lile jina lenyewe. Hilo halikumjia kichwani hata kidogo. Kuanzia Garsen mpaka ng'ambo ya kijiji cha Wema, mzee alijulikana kwa Abba Sadia, na kwa Kadra hakuwa na jina lingine.

Mwalimu Kitsao alipoyapitia majalada, alimtupia Kadra maneno kuhusu pembe za kurasa zilizokunjamana, akamwambia namba ya kitambulisho ailete baadaye, akasahau. Kuhusu jina hakusema kitu. Yeye alidhani Abba ni jina la mtu na Sadia ni la babake, akapiga mhuri.

Mtahini alikuja siku ya joto kali. Alikuwa mama wa makamo kutoka bara, mwenye miwani na sauti kavu, na asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kumkamata mwanafunzi mmoja aliyemtumia kaka yake kama shahidi wa mbuzi ambao hawakuwahi kuwepo. Tangu hapo hakumwamini mtu yeyote. Alikaa kwenye meza mbele ya darasa, wanafunzi wote wakiwa wameketi nyuma wakisubiri zamu, na Mwalimu Kitsao amesimama dirishani akifuta jasho kwa leso.

Ilipofika zamu ya Kadra, mtahini alifungua faili lake, akafunua kurasa kimya, kisha akasita. Akavuta faili lingine kutoka kwenye yale yaliyokwisha kukaguliwa. Akaweka picha mbili pamoja.

"Huyu dume ni mmoja," alisema. "Paji hilo hilo, kamba hiyo hiyo. Liban ni nani?"

Liban akasimama.

"Dume huyu ni wa nani?"

"Wa ami yangu," Liban akajibu kwa haraka. "Anaitwa Issack. Kitambulisho chake nimeandika hapo, madam. Nilimtibu mimi mwenyewe."

Kadra aligeuka akamtazama. Ulikuwa uongo mtupu, umesemwa na mtu aliyekula chakula alichopika Kadra jana yake.

"Na wewe?" mtahini akamuuliza Kadra. "Dume ni wa nani?"

"Wa Abba Sadia."

"Mwenzako amesema jina lingine. Sadia ni jina la mwanamke. Huyu mwanamume anayeitwa Sadia ni nani, na kitambulisho chake kiko wapi?"

"Ni mtu yule yule, madam. Ni mkwe wangu. Kwetu mke hataji jina la mkwe wake. Tunamwita kwa jina la binti yake."

Mtahini alimgeukia Mwalimu Kitsao, na mwalimu, badala ya kusema kwamba karatasi hizo alizipiga mhuri yeye, akasema, "Mimi niliwaambia wote waandike majina kamili."

"Umesikia?" mtahini akasema. "Hapa chuoni hakuna mkwe. Kuna shahidi. Huyu ana jina na kitambulisho, wewe una kidole na namba ya simu tu, na vyote vinaweza kuwa vya yeyote. Nikuamini kwa lipi?"

Kadra akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwao angefanya. Akamgeukia aliye karibu.

"Liban," alisema kwa Kiorma, taratibu. "Unajua. Niseme nini mimi? Waeleze, na unitajie."

Ingemgharimu Liban neno moja. Kulitaja jina kwa niaba ya mke wa nduguye ni jambo ambalo hata mtoto hulifanya bila kufikiri. Liban alimwangalia, kisha akainua macho akatazama dari, akakaa chini.

"Hakuna kunong'onezana," mtahini akasema. "Nakuuliza wewe, ujibu wewe. Kama kazi ni yako, mwenye ng'ombe unamjua. Mtaje nimpigie sasa hivi. Usipomtaja, nitaandika kwamba ushahidi ni wa kubuni, na mwaka umeanguka."

Kadra alisimama pale na jasho likimtiririka mgongoni. Nyuma yake walikuwepo Waorma wengine, na alijua kwamba neno likitoka, litafika uani kabla yake. Litafika kwa Abduba huko delta. Alimfikiria Abduba, akaona kwamba hata angekuwepo hapo angeangalia chini. Alimfikiria mzee na mwaka wake mmoja. Akinyamaza, amerudi kukama. Akisema, hana pa kurudi. Watu wawili waliomzunguka, mwalimu na shemeji, kila mmoja angeweza kumtoa, na kila mmoja alikuwa amechagua kujitoa mwenyewe. Basi akawachukia wote kwa pamoja, na chuki hiyo ikamnyoosha mgongo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Issack," alisema.

Nyuma yake mtu alivuta pumzi. Msichana mmoja alijifunika mdomo kwa ushungi. Mtahini hakutambua chochote. Alitazama namba ya simu iliyoandikwa karibu na kidole gumba, akaipiga, akaweka spika, simu akailaza mezani.

"Haloo. Naongea na Issack?"

"Wewe nani?"

"Mtahini, kutoka chuoni. Nina swali kuhusu dume wako mwekundu aliyekuwa mgonjwa."

"Jina yangu nani amekupa? Liban?"

"Mkaza mwanao. Yuko hapa mbele yangu."

Ng'ombe walisikika kwenye simu wakilia kwa mbali, na mtu mwingine akiwafokea.

"Kwa mdomo yake?"

"Kwa mdomo wake, ndiyo. Sasa mzee, swali langu..."

"Mbele ya watu?"

"Mzee, tuna kazi. Kuna wanafunzi wawili hapa, kila mmoja anasema alimtibu huyo dume. Nani alimtibu, Liban au Kadra?"

Kadra aliiangalia ile simu. Mzee angeweza kusema Liban. Neno moja, na angekuwa amemrudisha kwenye kamba na kibuyu cha maziwa maisha yake yote, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angemlaumu. Liban naye aliinama mbele, akisubiri damu yake imwokoe.

"Liban hapana," Issack akasema. "Liban ilishika kamba, na hata kamba ilimshinda. Sindano imepigwa na huyo mwanamke. Hiyo ng'ombe iko hapa nyuma yangu, inakula. Mimi kwa mambo ya ng'ombe sidanganyi mtu. Andika."

"Nimeandika. Asante, mzee."

"Bado. Andika na hii. Kwangu asirudi. Vitu yake nitaweka nje ya ua leo."

"Hilo si la kuandika hapa, mzee."

"Basi mwambie."

Simu ikakatika. Mwalimu Kitsao alikuwa akikunja leso yake, akiikunjua, akiikunja tena. Mtahini alivua miwani, akamtazama Kadra, kisha akaivaa tena. Kwenye faili la Liban akapiga mstari ukurasa mzima. Kwenye la Kadra akaandika kwamba amehitimu, akalisukuma mbele ili atie sahihi.

Kadra akatia sahihi.

"Madam," alisema, "naomba kuitumia simu yako."

Mtahini akampa. Kadra alibonyeza namba ile ile, akaiweka sikioni bila spika, lakini kwa kuwa hakushusha sauti, kila mtu alisikia. Iliita mara kadhaa kabla ya kupokelewa.

"Issack," alisema. "Mvalishe mtoto wangu viatu. Nakuja kumchukua."